Tano ya Nini? Namna ya Kusoma Majina ya Manowari za Makasia za Roma

Mwishoni mwa karne ya 3 KK, mfalme Ptolemy wa Nne wa Misri aliamuru iundwe merikebu iliyojulikana kwa jina la "arobaini". Maelezo yaliyotufikia yanasema kwamba ilikuwa na urefu wa dhiraa 280, ambazo ni karibu mita 130, na kwamba ilihitaji wapiga makasia 4,000. Msomaji aliyezoea kuifasiri triremi kuwa merikebu yenye tabaka tatu za makasia hukwama hapa, kwa maana akiifuata kanuni yake mpaka mwisho atalazimika kuziwazia tabaka arobaini zilizopandiana kama ghorofa, na kasia la juu kabisa likiwa refu kuliko mnazi wowote. Chombo cha namna hiyo hakiwezi kuelea, seuze kupigana. Basi ama waandishi wa kale walitia chumvi kupita kiasi, ama namba iliyomo katika jina la merikebu inahesabu kitu kingine.

Inahesabu watu. Chukua ubavu mmoja wa merikebu, ukate pande lenye upana wa nafasi ya mpiga makasia mmoja, kutoka ngamani hadi sitahani, kisha uhesabu watu walioketi katika pande hilo, bila kujali wamegawanywa katika makasia mangapi. Wakiwa watatu, hiyo ni triremi. Wakiwa wanne, kwadriremi. Wakiwa watano, kwinkweremi. Na kuanzia hapo Wagiriki walizitaja merikebu kwa namba tu: sita, saba, kumi, kumi na sita. Kilatini chenyewe kimechangia kuwapoteza watu, kwa sababu ndani ya neno triremis mna neno remus, yaani kasia, na mtu anayelisoma neno hilo juu juu hudhani kwamba amekwisha kupewa idadi ya makasia. Kwa triremi dhana hiyo haimletei hasara yoyote, kwa kuwa humo kila mtu alikuwa na kasia lake. Hasara huanza katika namba ya nne.

Triremi ndiyo mzizi wa merikebu nyingine zote, na ndiyo tunayoifahamu vizuri zaidi. Watu wa chini kabisa waliketi karibu na usawa wa maji, makasia yao yakipita katika matundu yaliyozungushiwa ngozi ili bahari isiingie ndani. Wa kati waliketi juu yao, kidogo mbele. Na wa juu waliketi karibu na ukingo, makasia yao yakiegemea kiunzi kilichochomoza nje ya ubavu. Kumbukumbu za mali za jeshi la majini la Athens, zilizochongwa katika mawe, zinaipa merikebu moja makasia 62 ya juu, 54 ya kati na 54 ya chini, jumla 170. Mwaka 1987 jeshi la majini la Ugiriki lilipokea merikebu iliyoundwa kwa kufuata ushahidi huo, ikaitwa Olympias, yenye urefu wa karibu mita 37 na upana usiozidi mita 6. Watu 170 wa leo, wengi wao wakiwa wapiga makasia wa kujitolea, waliweza kuiendesha kwa mwendo wa karibu kilomita 16 kwa saa kwa muda mfupi, na hivyo wakathibitisha kwamba tabaka tatu zinawezekana. Walithibitisha pia kwamba kazi hiyo ni ngumu mno, kwa sababu kasia moja likichelewa hugonga jirani zake wa mbele, wa nyuma, wa juu na wa chini.

Tabaka ya nne haikuwezekana. Mtu wa tabaka hiyo angeketi juu mno, kasia lake lingeingia majini kwa pembe kali kama ya mchi unaotwanga, na uzito wa watu wote waliopandishwa huko ungeilaza merikebu kwa wimbi la kwanza la ubavuni. Aliyetaka nguvu zaidi alibaki na njia moja, nayo ni kuwaketisha watu wawili au zaidi kwenye kasia moja. Wachunguzi wengi wa leo hukubali kwamba kwadriremi ilikuwa na tabaka mbili, kila kasia likivutwa na watu wawili, na kwamba kwinkweremi ilikuwa na tabaka tatu, mbili za juu zikiwa na watu wawiliwawili kwa kila kasia na ya chini mtu mmoja. Wako wanaopanga vingine, hata kuwaweka wote watano kwenye kasia moja kubwa, lakini wote huanzia kwenye hesabu ileile ya watu.

Njia hiyo ya kuongeza watu ilikuwa na faida ambayo haionekani kwa haraka. Katika kasia la watu wawili, anayeshika ncha ya ndani ndiye anayehitaji kuujua mdundo, pembe ya kuchovya na wakati wa kuinua. Mwenzake anahitaji mgongo na mikono yenye nguvu, na kumfuata. Kwa hiyo kila merikebu ilivyozidi kuwa kubwa, ndivyo sehemu ya mabaharia mahiri ndani yake ilivyoweza kupungua. Inasemekana kwamba ni Dionysius, mtawala wa Syracuse katika Sisilia, aliyeanza kuunda merikebu za tano mwaka 399 KK, alipokuwa akijiandaa kuikabili Karthago, dola ya mabaharia iliyokuwa na makao yake katika pwani ya Afrika ya Kaskazini. Syracuse ilikuwa na mabaharia wake wa asili. Roma haikuwa nao, na ndiyo maana jambo hili liliifaa Roma kuliko taifa lolote lingine.

Warumi wa mwaka 264 KK, walipovuka mlango-bahari wa Messina kuingia Sisilia na kuanza vita vya kwanza dhidi ya Karthago, walivuka kwa vyombo vya kuazima kutoka miji ya Kigiriki ya kusini mwa Italia. Mwanahistoria Polybius, aliyeandika zaidi ya miaka mia moja baadaye, anasimulia kwamba katika kivuko hicho manowari moja ya Karthago iliwafukuza kwa pupa ikapanda mchangani, Warumi wakaiteka, na miaka michache baadaye wakaitumia kuwa kielelezo cha kuundia kwinkweremi 100, pamoja na triremi 20. Mwandishi mwingine, Pliny, anasema kazi hiyo ilichukua siku 60 tangu miti ilipokatwa. Huenda hadithi hiyo imenyooshwa kidogo kwa ajili ya sifa ya taifa, lakini si ya kuitupa. Mabaki ya merikebu ya Kikarthago yaliyofukuliwa karibu na Marsala, magharibi mwa Sisilia, mwanzoni mwa miaka ya 1970, yana herufi zilizopakwa kwenye mbao kuonyesha kila kipande kinakaa wapi. Chombo kilichoundwa kwa alama za namna hiyo kinaweza kufumuliwa na kuigwa kipande kwa kipande, hata na mafundi wasiowahi kuunda mfano wake.

Uundaji wenyewe ulikwenda kinyume na desturi ya viwanda vya meli vya Ulaya ya baadaye. Fundi hakuanza na mataruma. Alilaza mkuku, kisha akapandisha mbao za ubavu moja juu ya nyingine, na kila ubao aliuunga na mwenzake kwa ndimi za mti mgumu zilizoingizwa katika matundu yaliyochongwa ndani ya unene wa mbao zote mbili, halafu akazifunga ndimi hizo kwa vigingi. Mataruma yaliingizwa baadaye, baada ya umbo kukamilika. Mtu wa Lamu anayekumbuka jinsi mtepe ulivyoshonwa, ubao kwa ubao, kwa kamba za makumbi, hatalishangaa wazo la kutanguliza ngozi ya chombo kabla ya mbavu zake, ingawa kiungo ni tofauti kabisa. Kwa kweli vyombo vya kushonwa vya pwani yetu vilijulikana katika dola ya Kirumi yenyewe: mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki huko Misri katika karne ya 1 BK unavitaja, na unasema kwamba mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana navyo.

Mbao zilipokuwa zinaungwa, watu walikuwa wanafundishwa kupiga makasia nchi kavu. Polybius anaeleza kwamba waliwekwa ufukweni juu ya mabenchi yaliyopangwa kwa utaratibu uleule wa ndani ya merikebu, msimamizi wa mdundo akisimama katikati, wakazoezwa kuegemea nyuma wote kwa pamoja huku wakivuta mikono kifuani, kisha kuinama mbele huku wakiisukuma, kuanza na kukoma kwa amri moja. Wakulima na vibarua wa Italia ya kati walikaa mchangani wakipiga makasia hewani. Ni picha ya kuchekesha, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini Roma ilichagua merikebu ya tano wakati haikuwa na mabaharia wa kutosha hata kwa triremi mia moja.

Hata hivyo mafunzo ya mchangani hayamfanyi mtu kuwa sawa na baharia wa Karthago. Vita vya merikebu vilikuwa na mbinu kuu mbili. Ya kwanza ilikuwa kumgonga adui kwa domo la shaba nyeusi lililofungwa kwenye omo, katika usawa wa maji, kisha kurudi nyuma haraka kabla chombo kilichotobolewa hakijakung'ang'ania. Mbinu hiyo ilihitaji wepesi, mzunguko mkali na wapiga makasia waliozoeana kwa miaka. Ya pili ilikuwa kumkaribia, kumnasa na kumwagia askari. Warumi, waliokuwa na askari bora kuliko mabaharia, walijitengenezea kifaa cha kulazimisha mbinu ya pili. Kilikuwa daraja la mbao lenye urefu wa karibu mita 11 na upana wa mita moja na kidogo, lililoshikwa na mti uliosimamishwa omoni, na mwishoni mwake pana mwiba mzito wa chuma. Daraja lilipoachiliwa liangukie sitaha ya adui, mwiba ulizama katika mbao, na askari wakavuka wawiliwawili. Kifaa hicho kiliitwa kunguru, bila shaka kwa ajili ya mdomo wake.

Mwaka 260 KK, karibu na Mylae, kaskazini mwa Sisilia, Gaius Duilius, mmoja wa makonsuli, yaani wale watawala wawili wakuu wa Roma waliochaguliwa kila mwaka, alikitumia kunguru dhidi ya Wakarthago waliokuja bila hata kujipanga, kwa kuwadharau. Walipoteza merikebu 50, ikiwemo ya saba iliyokuwa mali ya mfalme Pyrrhus hapo zamani, na kamanda wao alikimbia kwa mashua ndogo. Duilius alijengewa nguzo jijini Roma iliyopambwa kwa madomo ya merikebu alizoziteka. Desturi hiyo ilikuwa na mizizi: tangu mwaka 338 KK jukwaa la wahutubu katika uwanja mkuu wa Roma lilikuwa limepachikwa madomo ya merikebu za mji wa Antium, na kwa kuwa domo kwa Kilatini ni rostrum, jukwaa lenyewe likaitwa Rostra.

Miaka minne baada ya Mylae tunapata hesabu inayoonyesha waziwazi namba za merikebu zinavyofanya kazi. Polybius anasema kwamba katika vita vya Ecnomus vya mwaka 256 KK kila kwinkweremi ya Kirumi ilibeba wapiga makasia 300 na askari 120, kwamba merikebu zilikuwa 330, na kwamba jumla ya watu ilikuwa karibu 140,000. Msomaji akizidisha 420 kwa 330 atapata 138,600, na hapo atatambua kwamba mwandishi huyo hakuwa na orodha ya watu. Alikuwa na idadi ya merikebu, akazidisha. Wako wanahistoria wanaoipunguza idadi ya merikebu. Ila kanuni ya kuzidisha inabaki palepale, na ndiyo inayotisha: jemadari aliyeagiza merikebu mia moja za tano alikuwa ameagiza wanaume 30,000 wa kuzivuta, kabla hajampandisha askari hata mmoja.

Kanuni hiyohiyo huigeuza dhoruba kuwa msiba wa taifa. Mwaka 255 KK kundi la merikebu 364 lililokuwa likirudi kutoka Afrika lilikutwa na tufani karibu na Camarina, kusini mwa Sisilia, zikasalimika 80 tu. Polybius anasimulia kwamba manahodha walikuwa wamewaonya makonsuli kuhusu pwani hiyo na majira hayo ya mwaka, wakapuuzwa. Merikebu 284 za tano, kwa wapiga makasia peke yao, ni watu zaidi ya 85,000 waliokuwa hatarini kwa wakati mmoja. Wapo wanaodhani kwamba uzito wa kunguru juu ya omo uliziharibia merikebu uthabiti wake. Ninaliona wazo hilo kuwa la busara, kwa sababu baada ya miaka hiyo kifaa hicho hakitajwi tena vitani.

Vita vilikwisha tarehe 10 Machi mwaka 241 KK, karibu na visiwa vya Aegates, na vilikwisha kwa merikebu zisizokuwa na kunguru. Hazina ya Roma ilikuwa tupu. Raia matajiri, mmoja mmoja au kwa kuungana wawili watatu, walikubali kulipia kila mmoja kwinkweremi yake kwa sharti la kurudishiwa fedha ushindi ukipatikana. Zilipatikana 200, na safari hii kielelezo kilikuwa merikebu nyepesi ya Mkarthago mmoja aliyeitwa Hannibal wa Rhodes, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akipenya katika mzingiro wa Lilybaeum, bandari ya Wakarthago magharibi mwa Sisilia, mchana kweupe hadi alipokamatwa. Konsuli Gaius Lutatius Catulus aliwazoeza watu wake kila siku. Wakarthago walikuja na merikebu zilizojaa nafaka na wapiga makasia wasiozoea, wakashindwa: 50 zilizama, 70 zikatekwa.

Eneo hilo la bahari limeleta ushahidi ambao hakuna aliyeutarajia. Mabaki ya manowari za kale ni adimu sana, kwa kuwa hazikubeba shehena wala farumi nzito. Zikitobolewa zilijaa maji zikabaki zikielea nusu, zikavutwa au kuvunjikavunjika juu ya mawimbi, na hazikuacha sakafuni pa bahari lile rundo la magudulia linaloonyesha mahali ilipozama merikebu ya biashara. Kilichozama ni domo la shaba. Tangu miaka ya 2000, wapiga mbizi na mashine za chini ya maji wamepata zaidi ya madomo 20 karibu na visiwa hivyo, pamoja na kofia za vita za askari. Mengi yana maandishi ya Kilatini yanayowataja maofisa wa Roma walioyakagua na kuyakubali, kama muhuri wa serikali juu ya mali iliyopokelewa. Jingine lina maandishi ya Kikarthago yenye dua kwa mungu Baal. Kwamba madomo ya Kirumi yamekutwa katika upande wa walioshindwa si ajabu, kwa sababu Karthago ilikuwa imeteka merikebu 93 za Roma huko Drepana mwaka 249 KK, na haikuwa na sababu ya kuziacha zikae.

La ajabu ni udogo wake. Domo lililopatikana Athlit, katika pwani ya Israeli, mwaka 1980, lina urefu wa mita 2.26 na uzito wa kilo 465. Mengi ya Aegates hayafiki nusu ya uzito huo, na mbao zilizoingia ndani yake zilikuwa za chombo chenye ukubwa wa triremi, au hata chini ya hapo. Polybius anatuambia kwamba vita hivyo vilipiganwa kwa kwinkweremi. Ama alitumia neno hilo kwa manowari yoyote ya mstari wa mbele, ama makundi hayo yalikuwa na triremi nyingi kuliko alivyokubali, ama madomo ya merikebu kubwa bado yamelala chini. Mimi huelekea kwenye dhana ya pili, kwa sababu mwandishi anayepata jumla ya watu kwa kuzidisha ana kila sababu ya kuzipa merikebu zote namba moja.

Watu hao waliokuwa wakizidishwa walikuwa akina nani? Filamu zimetuzoesha kuona watumwa waliofungwa minyororo, mpiga ngoma mbele yao na mjeledi nyuma yao. Roma haikuendesha manowari zake hivyo. Wapiga makasia wa vita vya Karthago walikuwa raia maskini, wasiokuwa na mali ya kuwawezesha kujinunulia silaha za kikosi cha nchi kavu, pamoja na watu wa miji washirika ya pwani. Walipewa posho, na mdundo wao uliongozwa kwa sauti ya msimamizi na zumari. Watumwa walitumiwa wakati wa dhiki, kama mwaka 214 KK, ambapo matajiri walitakiwa kila mmoja kutoa wapiga makasia na mishahara yao kulingana na utajiri wake. Octavian, ambaye baadaye alikuja kuwa Kaisari Augusto, alipohitaji watu wa kumkabili hasimu wake Sextus Pompeius, aliyeishika Sisilia, aliwachukua watumwa 20,000, lakini aliwaacha huru kwanza kabla ya kuwakabidhi makasia. Sababu yake si huruma peke yake, kwani merikebu iliyonaswa na adui inamtaka kila mtu aliyemo apigane, na mtu wa minyororo hapigani. Mpiga makasia mfungwa ni wa zama nyingine, za Wahispania, Wafaransa na Waturuki wa karne za 15 hadi 18; merikebu za makasia alizokuja nazo Mir Ali Bey hadi Mombasa mwaka 1589 ni za ukoo huo wa baadaye, na ni kutoka huko picha ya minyororo ilikorudishwa nyuma hadi kwa Warumi.

Wingi wa watu ulikuwa pia ndio kamba fupi iliyoifunga manowari na nchi kavu. Uzoefu wa Olympias ulionyesha kwamba mpiga makasia katika joto huhitaji karibu lita moja ya maji kwa saa. Watu 300 kwa saa nane ni lita 2,400, yaani zaidi ya tani mbili za maji ya kunywa kwa siku moja, katika chombo kisichokuwa na mahali pa kunyooshea miguu, achilia mbali kupika au kulala. Merikebu ilipaswa kufika ufukweni karibu kila jioni ili watu wale na wapumzike, na mara kwa mara ipandishwe mchangani ikauke, kwa sababu mbao zinazolowa kwa majuma huwa nzito, na minyoo ya baharini huzitoboa. Ndiyo maana vita vingi vya majini vya zama hizo vilipiganwa mahali pwani inapoonekana. Safarini walitweka tanga kila upepo ulipokubali, na kabla ya mapigano waliacha tanga kubwa na mlingoti nchi kavu ili kupunguza uzito.

Jambo hilo la matanga linatufikisha Actium, magharibi mwa Ugiriki, tarehe 2 Septemba mwaka 31 KK. Marcus Antonius, aliyekuwa akigombea na Octavian utawala wa Roma, aliwaamuru watu wake wabaki na matanga merikebuni, na kila baharia mwenye akili alielewa maana yake, kwamba kamanda anafikiria kuondoka. Alikuwa na merikebu kubwa, nyingine zikifikia ya kumi, zilizofaa kubeba minara na mitambo ya kurusha mawe na kushambulia miji yenye bandari. Alichokosa ni watu wa kuzivuta. Miezi ya kuzuiliwa katika ghuba yenye maradhi ilikuwa imewamaliza wapiga makasia wake. Plutarch anasema kwamba manahodha wake waliwakamata wasafiri, wachunga nyumbu na wavunaji wa Ugiriki kuwajaza katika mabenchi, na hata hivyo hawakutosha, hadi merikebu kadhaa zikachomwa moto kwa kukosa watu. Merikebu ya kumi yenye watu pungufu huenda polepole kuliko triremi iliyojaa. Agrippa, aliyemwongozea Octavian vita hivyo, alikuwa na watu kamili waliokwisha kuzoeana, na Antonius alimfuata Cleopatra kwa tanga kuelekea Misri.

Octavian alijenga mnara wa ushindi mahali palipokuwa na hema lake, juu ya mji mpya wa Nicopolis, na katika ukuta wake akapachika madomo ya merikebu alizoziteka. Madomo yamekwisha kuibwa zamani, lakini matundu yaliyochongwa katika mawe kuyapokea yangali yanapimika, na ukubwa wake unaozidiana kutoka tundu hadi tundu ndiyo kumbukumbu bora tuliyo nayo ya tofauti kati ya merikebu ya tano na ya kumi.

Baada ya Actium bahari yote ya Mediterania ilikuwa na mwenyewe mmoja, na merikebu kubwa zilikosa kazi. Majeshi makuu mawili ya majini yaliwekwa Misenum na Ravenna, katika Italia, na mengine madogo Misri, Siria, Uingereza, mto Rhine na mto Danube. Misenum, ambako kamanda wa mwaka 79 BK alikuwa yuleyule Pliny aliyeandika habari za siku 60, na ambaye alitoka na kwadriremi kuokoa watu chini ya mlima Vesuvius akafia ufukweni, palibaki merikebu moja tu ya sita, iliyoitwa Ops. Zilizosalia zilikuwa triremi kwa wingi, kwadriremi na kwinkweremi chache, na liburna, chombo chepesi cha tabaka mbili kilichoigwa kwa Waliburni wa pwani ya mashariki ya bahari ya Adria. Baharia alitumikia miaka 26, na mwisho wake akapewa uraia wa Roma, ukiandikwa katika vibao vya shaba ambavyo vingi vimeokotwa.

Barua moja ya papirasi ya karne ya 2 BK inatuonyesha mmoja wao. Apion, kijana wa Misri, anamwandikia baba yake Epimachus kutoka Misenum. Anamshukuru mungu Serapis kwa kumwokoa kwenye hatari ya baharini, anaeleza kwamba amepokea kwa Kaisari vipande vitatu vya dhahabu vya gharama za safari, anamtumia baba yake picha yake ndogo, na mwishoni anamjulisha kwamba sasa jina lake ni Antonius Maximus na kwamba yuko katika centuria ya merikebu iitwayo Athenonica. Katika jeshi hilo watu wa merikebu moja walihesabiwa kama kikosi cha askari, na barua kwa baharia ilielekezwa kwa jina la chombo chake.

Karne zilizofuata zilizidi kupunguza. Kwenye Rhine, boti tano za karne ya 4 zilizofukuliwa Mainz mwaka 1981 na 1982 zina safu moja tu ya makasia kila upande. Mwaka 324 BK, katika mlango-bahari wa Hellespont, Crispus, mwana wa kaisari Constantine, alichagua vyombo 80 vya makasia thelathini akakabiliana na triremi za Licinius, kaisari hasimu wa baba yake, ambazo inasemekana jumla yake ilikuwa 350. Mahali pembamba wingi ule ulijigonga wenyewe, akashinda. Kufikia wakati huo neno liburna lilikuwa limekuwa jina la manowari yoyote. Zosimus, aliyetusimulia vita hivyo na ambaye aliandika karibu mwaka 500 BK chini ya dola ileile, anataja katika kitabu chake liburna za siku za karibu na yeye, anasema zilikuwa na mwendo mzuri lakini hazifikii triremi, kisha anaongeza kwamba ufundi wa kuunda triremi ulikwisha kupotea miaka mingi nyuma, na kwa anayetaka kujua vipimo vya merikebu za sita anamwelekeza akamsome Polybius.